Tupeane uzoefu: Waliowahi kupika bita ya Kiingereza nyumbani, ilikuwaje?

Fundi wa Leeds (mtoa mada)
Wakuu, tulioko Uingereza tunajua baridi ikishika mtu hutafuta kazi ya mikono. Mimi nimeangukia kwenye bita, ile bia ya rangi ya shaba ya kwenye baa za kizamani, isiyo na gesi nyingi. Maelekezo yamejaa kila kona, sitaki hayo. Semeni yaliyowakuta.

Naanza. Lita 20: kimea cha shayiri ya Maris Otter kilo 3 na nusu, kimea cha kristali (cha kuongeza rangi na utamu) gramu 200, saa nzima kwenye maji ya nyuzi 66. Nikachemsha dakika 60, hopsi (maua ya kutia bia uchungu na harufu) aina ya Fuggle mwanzoni, Goldings za Kent mwishoni. Haidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo (namba hushuka hamira ikiila), ikasoma 1.040. Raha tupu. Siku ya sita nikaona povu limetulia, nikatia sukari, nikajaza chupa bila kupima tena. Wiki mbili baadaye, saa nane usiku, PAA! kabatini chini ya ngazi. Halafu ya pili. Wife akajua tumevamiwa. Nilizifungua zilizobaki nimevaa koti la pikipiki na miwani ya kuogelea.

Hamira ilikuwa haijamaliza kazi. Siku hizi sifungi chupa mpaka namba igande siku tatu mfululizo, kawaida kwenye 1.010 hivi.

Binti Rombo
Nimecheka hiyo miwani 😂 Mimi niko Coventry, mama alikuja kunitembelea. Huyu ni mama aliyepika mbege, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi, maisha yake yote. Akaonja yale maji ya kimea kabla sijachemsha, akasema, "Hii ni togwa. Gome liko wapi?" Maana kwetu uchungu unatoka kwenye gome la msesewe. Nikamfungulia pakiti ya Fuggle. Akasaga moja viganjani, akanusa, akapiga chafya, akasema, "Haya, wazungu nao wana msesewe wao."

Ugomvi ulikuja kesho yake. Ndoo inatoa mapovu, yeye kashika kikombe. Mbege inanyweka ikiwa bado inaumuka, kwa hiyo nilipomwambia asubiri wiki tatu alinitazama kama nimemnyima chakula.

Maji Moto
Kilichoniangusha ni maji. Bia tatu mfululizo zilinukia plasta ya hospitali, nikalaumu hamira, nikalaumu ndoo, kumbe ni dawa ya kwenye maji ya bomba ikikutana na kimea. Nusu kidonge cha Campden (kinaua ile dawa ya maji) kwenye maji yote kabla ya kuanza, imeisha hiyo. Nikazidi kuchimba: mji wa Burton upon Trent ulipata jina kwa bia kwa sababu maji ya visima vyake yana jasi nyingi, na jasi ndiyo inaufanya uchungu wa hopsi utoke mkavu. Naweka kijiko cha chai kwenye sufuria. Tofauti ipo, hata shemeji yangu mbishi kakubali.

Kijana wa Tabata
Wakuu, huku Dar joto ni 30 na ushee. Inawezekana kweli?

Fundi wa Leeds (mtoa mada)
Mdogo wangu, bila kupoza utapata bia inayonukia rangi ya kucha. Hamira ya Kiingereza inataka 18 mpaka 20. Tia ndoo kwenye beseni la maji, ifunike taulo mbichi, tupia chupa za barafu asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda, baada ya hapo inatulia. Na sheria za huko ulizia. Huku leseni ya kupika bia ya kunywa mwenyewe ilifutwa 1963, ila ukiuza ni kesi nyingine.

Mzee wa Mvita
Mimi yangu nilitia friji kwa mazoea ya kwetu, nikaonja maji ya chuma, nikamwaga nusu. Jirani, mzee wa Kiingereza, karibu alie. Akachukua chupa moja, akaiacha ukumbini kwa saa mbili, akanimiminia. Biskuti, maganda ya chungwa, majani. Bia ileile! Inanywewa nyuzi 11 mpaka 13, vijana.

Binti Rombo
Mama karudi Rombo na pakiti mbili za Fuggle kwenye begi. Anasema anaipikia mbege ya Jumamosi, nusu Fuggle nusu msesewe. Nitaleta mrejesho.