Naomba ushauri: nabadilisha muziki wa Toyota 86 mwenyewe, nianzie wapi?

Gia_ya_Sita
Wakuu, habari za muda huu. Gari ni Toyota 86 ya 2013, muziki ni ule uliotoka nao kiwandani. Nikishika spidi 100 mngurumo wa matairi unaimeza besi yote, na nikiongeza sauti spika za milangoni zinakwaruza na plastiki ya mlango inatetemeka.

Nilichopanga: redio ya DIN mbili (saizi ya kawaida yenye kimo mara mbili), spika za inchi 6.5 zenye twita zake (vispika vidogo vya sauti nyembamba), amplifaya ya chaneli 4 (wati 75 kila chaneli kwenye omu 4, au wati 200 chaneli mbili zikiunganishwa) na sabwufa moja ya inchi 8. Sitaki kuliongezea gari uzito wa bure wala kung'oa siti ya nyuma.

Nianze na kipi? Waya wa umeme uwe mnene kiasi gani, na fyuzi ya ngapi? Sabwufa iwe ya omu ngapi? Na nifanyeje nisipate ule mluzi unaopanda na kushuka na injini?

Mlango_Kimya
Anza na milango, mkuu. Mlango ndio boksi la spika, na la kwako kwa sasa ni bati jembamba lenye matundu makubwa. Sauti ya nyuma ya koni inapita kwenye matundu hayo, inakutana na ya mbele na kuifuta, na cha kwanza kupotea ni besi. Hata ufunge spika ghali namna gani, mlango ukiwa wazi utaishia palepale.

Nunua shuka za butili (mpira unaonata) zenye alumini, unene wa mm 2. Futa bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa sababu butili haishiki kwenye mafuta. Bati la nje huna haja ya kulifunika lote: asilimia 30 hadi 40 inatosha kuua mtetemo, hasa nyuma ya spika na katikati. Ikanyage kwa rola mpaka vile vijinundu vya alumini vilale kabisa, maana palipobaki hewa patabanduka joto likizidi. Bati la ndani ziba matundu makubwa, ila uache nafasi ya kufikia mota ya kioo. Chini kabisa ya mlango kuna matundu ya kutoa maji. Yakizibwa, maji yanalala humo na mlango unaoza. Na kama kihisi cha ajali ya ubavuni kimo ndani ya mlango, usikiguse wala kukifunika.

Kabla ya kununua spika, shusha kioo mpaka mwisho, kisha pima kutoka pale spika itakapokaa hadi kwenye kioo. Ring'i za kufungia spika ziwe za plastiki. MDF (ubao wa unga wa mbao) ikinyonya unyevu wa mlango inavimba na skrubu zinalegea, labda uipake vanishi pande zote. Malizia na duara la sponji kati ya spika na plastiki ya mlango, ili sauti itoke kwenye wavu badala ya kuzunguka ndani ya pambo.

FundiWaya
Umeme sasa. Kabla ya kugusa chochote toa negativu ya betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa ajili ya mifuko ya hewa.

Hesabu yako: wati 150 za milango na 200 za sabwufa ni 350. Amplifaya ya daraja D inapoteza kama asilimia 20, kwa hiyo inavuta karibu wati 440. Gawa kwa volti 13.8, unapata kama ampea 32. Weka fyuzi ya 40 na waya wa shaba halisi wa mm² 10. Waya wa alumini uliopakwa shaba unapitisha umeme kidogo zaidi, huo chukua mm² 16. Chubua ncha ya uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, si shaba.

Fyuzi ikae ndani ya sm 45 kutoka betri. Wengi wanakosea hapa, wanaiweka karibu na amplifaya. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichunika kwenye bati la injini na fyuzi iko buti, hakuna cha kukata umeme na gari linawaka moto. Unapoingia ndani pitisha kwenye tundu lenye mpira.

Athi iwe fupi, chini ya sm 45, unene uleule. Piga msasa mpaka bati ling'ae, funga kwa bolti, halafu paka rangi juu ili pasishike kutu. Boliti za mkanda wa usalama usiziguse. Waya wa umeme ukipita kulia, za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya) zipite kushoto.

Desibeli
Kuhusu milango nakubali, ila redio usiiache mwisho. Redio nyingi za kiwandani hupunguza besi zenyewe kadiri unavyoongeza sauti, ili kulinda spika dhaifu. Ukiichukulia amplifaya sauti kutoka kwenye waya za spika, unakuza ile iliyokwisha kukatwa.

Tundu la redio la Toyota lina upana wa mm 200, redio ya DIN mbili ina mm 178. Kinabaki mm 11 kila upande, kwa hiyo nunua vijazio vya pembeni. Hamisha vyuma vya redio ya zamani na tumia skrubu fupi zilizokuja na mpya, kwani ndefu inaweza kufika kwenye bodi. Plagi za gari usizikate, nunua plagi ya kuunganishia. Rangi upande wa redio mpya ni hizi: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni athi. Njano na nyekundu zikipishana, redio inasahau kila kitu ukizima gari. Waya wa spika wenye mstari mweusi ni negativu ya spika, usiupeleke kwenye bodi ya gari kamwe, utaunguza redio. Amplifaya iwashwe na bluu yenye mstari mweupe. Ile bluu tupu ni ya antena, na kwenye redio kadhaa huzima ukihama kutoka FM.

Gia_ya_Sita
Asanteni sana wakuu. Nimeona sabwufa yenye koili mbili za omu 4. Inafaa?

Desibeli
Hapana, mkuu. Koili za 4+4 ukiziunganisha sambamba unapata omu 2, na amplifaya nyingi za chaneli 4 zikiunganishwa mbili hazivumilii chini ya 4: itajizima kila mdundo ukiingia. Ukiziunganisha mfululizo unapata 8, nguvu inashuka karibu nusu. Chukua ya 2+2 uiunge mfululizo, upate 4 kamili. Boksi liwe la kufungwa, fuata lita alizotaja mtengenezaji. Vipimo vya ndani vya sm 30 × 25 × 16 vinakupa lita 12. Buti ni dogo, kwa hiyo inchi 8 inatosha.

Mlango_Kimya
Usifunge plastiki za milango bila kupima pande za waya. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya za spika kwa sekunde moja tu: koni ikiruka nje, upande uliogusa positivu ni positivu. Spika moja ikigeuzwa, besi inapotea katikati ya gari na utaanza kulaumu sabwufa. Twita usiipime hivi.

FundiWaya
Gein (kirekebisho cha amplifaya cha kuilinganisha na nguvu ya redio) si sauti, usiipandishe mpaka mwisho. Chomoa spika zote, weka ikwalaiza katikati na volyumu ya redio robo tatu. Piga toni ya Hz 1000 kwa milango na pandisha gein mpaka multimita, ikiwa kwenye AC, isome volti 17.3 (wati 75 mara omu 4, kisha tafuta kipeuo cha pili). Kwa sabwufa piga toni ya Hz 50, mwisho volti 28. Milango ikatwe chini ya Hz 80, sabwufa juu ya Hz 80.

Mluzi ukitokea, zima redio, chomoa RCA kwenye amplifaya, kisha iwashe tena injini ikiunguruma. Ukinyamaza, tatizo liko kwenye redio au njia ya waya. Ukiendelea, rudi kwenye athi ya amplifaya. Na RCA usizichomeke wala kuzichomoa redio ikiwa imewaka. Kuna redio zenye kifyuzi kidogo kwenye athi ya RCA, kikikatika mluzi hauondoki mpaka ufungue redio.