Aliyebuni jiko la mtungi mdogo wa gesi hakuwahi kumtazama mtu akisonga ugali

Ndugu wanajukwaa,

Naandika kutoka Mbeya nikiwa na hasira, na ninaomba wanaobuni na kuuza majiko ya gesi wasome uzi huu mpaka mwisho. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko linalofungwa juu yake, ambao huku mikoani umesambazwa sana kwa bei ya ruzuku, haukubuniwa kwa ajili ya mtu anayesonga ugali wa familia.

Sufuria zetu hazina mikono. Ugali wa watu saba au wanane ukianza kushika, mpishi hukandamiza mwiko kwa nguvu za mabega yote mawili, na sufuria isipotulia hakuna kazi inayofanyika. Mafiga yanalimudu hilo, kwa kuwa mawe husogezwa kufuata ukubwa wa sufuria na mpishi huketi kwenye kigoda chake. Kwenye mtungi, sufuria pana hukaa juu ya vyuma vyembamba vinavyoteleza, na kadiri gesi inavyopungua ndivyo mtungi unavyokuwa mwepesi na kuyumba. Kimo chake nacho ni kirefu mno kwa aliyeketi na kifupi mno kwa aliyesimama, hivyo mama husonga ameinama, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine umeng'ang'ania sufuria kwa kitambaa, huku watoto wako karibu. Shemeji yangu ana kovu la ugali wa moto mguuni. Alipolalamika dukani, aliambiwa kwamba wananchi wanahitaji elimu ya matumizi. Elimu gani, jamani? Mtu aliyesonga ugali tangu utotoni afundishwe nini na aliyebuni jiko lisilokaa na sufuria?

Kuna na suala la mahali tulipo. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na Makete, wilaya jirani mkoani Njombe, ni juu zaidi. Maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam, na gesi inateketea. Halafu mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokuwa kali, moto wa jikoni ndio tunaouota. Matokeo yake kuni zinaendelea kuwaka, na mtungi unabaki wa chai.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu moshi umewaharibu mama zetu macho na vifua. Lakini mtungi wa kuchemshia chai haumtoi mtu kwenye moshi.

Mafundi wa kuchomelea hapa mjini wanatengeneza fremu ya nondo yenye miguu minne, inayobeba sufuria yenyewe ili mtungi usielemewe, na juu wanaweka pete ya kuibana. Waliwasikiliza wateja wao, basi. Kiwanda kimeshindwa nini?

Kabla ya kuleta shehena nyingine, wabunifu waje Makete mwezi wa saba, wampe mama mmoja jiko lao pamoja na sufuria anayoitumia kila siku, wakae wamtazame mpaka ugali uive. Mwenye fremu ya nondo aweke hapa picha na vipimo vyake, tuwapelekee wauzaji.