Mrejesho: vidonge vya Vioxx na magoti ya mama

Assalaam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza kama mama yangu, hapa Wete, amalize vidonge vya Vioxx (dawa ya maumivu) alivyovikuta sandukuni, vilivyoletwa zamani na shemeji kutoka Uingereza. Ana baridi yabisi ya magoti, na presha juu yake.

Ahsanteni sana. Aliyenieleza kuwa dawa hiyo iliondolewa sokoni duniani kote tarehe 30 Septemba 2004, kwa kuzidisha hatari ya mshituko wa moyo na kiharusi, katuokoa. Mama hakuridhika: "Mbona ilinifaa?" Kweli ilimfaa, maumivu iliyatuliza, ubaya wake ulikuwa kwenye moyo. Nimevipeleka kwa mfamasia viharibiwe.

Daktari alikataa hata diklofenaki ya kumeza, dawa nyingine ya maumivu, maana nayo ina hatari kwa moyo, na mtu wa presha ndiyo kabisa. Kampa jeli ya diklofenaki ya kupaka, na parasetamoli. Jeli imefaa: wiki ya 2 akaanza kulala usiku. Parasetamoli, tuseme ukweli, haikufanya kitu kikubwa. Mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa kitini anafanya nikiwepo, nikitoka, basi. Mkongojo hataki kuusikia, eti utamzeesha (ana miaka 71!).

Kusujudu bado hawezi, anasali kwenye kiti. Ila ngazi za barazani anapanda mwenyewe.

Na yule aliyeshauri mafuta ya karafuu: tulijaribu, yakamwasha, tukaacha.