Tupeane uzoefu: ngome na minara tuliyoijenga Minecraft

Mleta uzi, Morogoro

Habari zenu wanajamvi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma maswali ya watu wanaotaka kujua waanzie wapi kujenga ngome katika Minecraft, mchezo wa kompyuta na simu ambao mtu hujenga kwa bloku za mchemraba, na majibu mengi huwa ni picha tupu: mtu anaweka mnara uliokwisha kukamilika, watu wanausifia, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Picha haituelezi mawe yalitoka wapi, ukuta ulivunjwa mara ngapi, wala kwa nini dirisha likawekwa pale lilipo. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, ili kila mwenye ngome yake atueleze alivyoijenga tangu msingi hadi paa, pamoja na pale alipokwama.

Nianze na wangu. Nilicheza miaka miwili katika hali ya ubunifu, ambayo bloku hazikwishi na mjenzi huruka angani apendavyo, na humo nilijenga minara mingi ambayo leo siukumbuki hata mmoja. Mnara ninaoukumbuka ni ule wa hali ya kuishi, ambako kila jiwe sharti ulichimbe mwenyewe, njaa inauma, na giza likiingia viumbe wabaya wanatoka. Jaribio langu la kwanza humo lilikuwa la mraba, upana bloku 7, nikalipandisha hadi bloku 60 kwa kuwa niliamini kimo ndicho fahari ya mnara. Nilipovuka mto na kulitazama kwa mbali, niliona dohani ya kiwanda. Nililivunja lote, na kazi hiyo ilinichukua siku tatu.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi mwashi, na hakuwahi kupandisha kozi ya pili, yaani safu ya pili ya tofali, kabla ya kuiridhia ya kwanza kwa kamba na pima maji. Safari ya pili nilifuata njia yake, nikaanza kwa kuchora duara chini. Duara la upana wa bloku 15 lina hesabu yake, nami nimeiandika kwenye karatasi iliyo ukutani juu ya meza yangu: bloku 5 kwa mstari, kisha 2 hatua moja ndani, kisha 1 peke yake penye kona, kisha 2 zikigeukia upande mwingine, kisha 5 tena, na hivyo hivyo hadi urudi ulikoanzia. Ukihesabu zote utapata 40. Mnara wa kimo cha bloku 30 unahitaji basi tofali za mawe 1,200, na hapo bado hujagusa sakafu, ngazi wala paa.

Wasiowahi kujenga katika hali ya kuishi hawaioni kazi iliyomo ndani ya namba hiyo. Jiwe likichimbwa kwa sururu ya kawaida hutoka likiwa ghafi, na lazima liingie tanuri ndipo liwe laini, kisha mawe manne yanakupa tofali nne. Jiwe moja hukaa katika tanuri sekunde 10, kwa hiyo tanuri moja ingenihitaji saa 3 na dakika 20. Nilipanga tanuri 8 kwa safu, nikazigawia makaa 150, na baada ya dakika 25 mawe yangu yote yalikuwa tayari. Ngazi msizitengeneze kwenye meza ya kawaida, maana huko mawe 6 yanatoa ngazi 4 tu, ilhali mashine ya kukatia mawe hutoa ngazi moja kwa kila jiwe.

Baada ya kujua gharama ya kila kozi, niliacha kuweka ukuta wowote usiokuwa na kazi. Usiku mmoja nilikuwa juu ya mnara nikitazama mbali, kumbe yule kiumbe wa kijani anayelipuka amesimama miguuni pa ukuta, mahali ambapo mtu aliye juu hawezi kuona. Mlipuko ulitoboa kozi za chini, na sehemu ya juu ikabaki inaning'inia hewani, kwa sababu katika mchezo huu mawe hayaanguki. Vinavyoanguka ni vitu kama mchanga na changarawe. Nilipoziba pengo lile nilikitokeza kichwa cha mnara nje kwa bloku moja pande zote, nikakiegemeza juu ya ngazi zilizopinduliwa, na katika sakafu yake nikaacha matundu ya kuchungulia chini. Wajenzi wa ngome za Ulaya katika zama za kati walifanya hivyo hivyo kwa sababu ile ile, nami sikuwa nimeielewa mpaka nilipoumia.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni kwamba pamoja na vipimo mtuambie kila sehemu ya ngome yenu inafanya kazi gani. Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante sana mleta uzi. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, na kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikiijenga Fort Jesus, ambayo sisi huku twaiita Ngomeni. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na mtu akiitazama kutoka angani ataona umbo kama la mwanadamu aliyelala. Mchoro wenye vipimo sikuwa nao. Nilikwenda na mpwa wangu siku tatu za Jumamosi, yeye ameshika daftari, mimi nahesabu hatua kando ya kuta, kwa kuwa hatua yangu ndefu ni karibu mita moja, na bloku moja katika mchezo ni mita moja.

Kilichonishinda mwanzoni ni zile buruji za pembeni, yaani sehemu za ukuta zinazotokeza nje kwenye kona. Nilizijenga mviringo kama minara ya Ulaya, zikapendeza, lakini hazikufanana na zetu hata kidogo. Nilirudi nikasimama penye kona ya buruji ya upande wa bara, nikatazama kando ya ukuta, ndipo nikaelewa: pembe ile imechongwa hivyo ili mlinzi wa buruji moja auone mguu wa ukuta wote hadi buruji ya pili, pasibaki pahali pa adui kujificha. Mnara wa duara una sehemu mbele yake ambayo hakuna mlinzi wa pembeni anayeifikia kwa macho. Hiyo ndiyo dawa ya tatizo la mleta uzi, na ilikuwepo pwani kwetu kabla ya wengi wetu kuiuliza. Nilibomoa mviringo wote nikaanza upya kwa pembe.

Jambo la pili ni rangi. Nilijaribu jiwe la mchanga, likawa la manjano mno; nikajaribu udongo wa kuchoma, ukawa mwekundu mno. Hatimaye nilikumbuka kuwa mawe ya majumba yetu ni matumbawe, na kumbe tangu 2018 mchezo nao una bloku za matumbawe katika bahari zenye joto. Lililo hai lina rangi kali, buluu au waridi, lakini ukiliweka mbali na maji hufa baada ya muda mfupi na kugeuka kijivu chenye vishimo vidogo vidogo. Siku nilipoweka safu ya kwanza nikaiona ikififia mbele ya macho yangu, bloku moja baada ya nyingine, hadi ukuta mzima ukawa na sura ile ninayoiona nikipita kwenda sokoni, nilimwita mamangu aje atazame. Akaniambia, "Hapo sasa ni kwetu."

Ndani nimechimba birika la kukusanya maji, kama lile lililoko katika ngome yenyewe. Ngome hii ilizingirwa na Waomani tangu 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani hawangeweza kuvumilia muda wote huo bila ya akiba. Ghala na birika vimechukua nafasi kubwa kuliko vyumba vyote vya kulala.

Mchangiaji, Dodoma

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili na ninachezea kwenye simu. Nilijenga kasri lenye minara minne na daraja juu ya handaki la maji, nikalifanyia kazi likizo nzima. Kisha simu ikajaa, nikauondoa mchezo kwa nia ya kuurudisha baadaye, nami sikujua kuwa ukiondoa programu, ulimwengu uliohifadhiwa ndani yake unaondoka nao. Niliporudisha sikukuta kitu. Sijajenga tena tangu Agosti. Ninauliza pia: mnajengaje sehemu za juu bila kuanguka? Nimekufa mara nyingi kwa kuanguka, na vitu vyangu vikapotea.

Mleta uzi, Morogoro

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kasri lako. Ulimwengu unaweza kutolewa kama faili ukahifadhiwa mahali pengine. Ufanye hivyo kila unapomaliza sehemu moja ya ujenzi.

Kuhusu kuanguka, mtu mwenye afya kamili hufa akianguka bloku 23, kwa hiyo mimi huchimba kidimbwi kuzunguka mnara kabla ya kufika kimo hicho, maana maji huondoa madhara yote. Ukiwa ukingoni tembea kwa kuinama, hutateleza. Zaidi ya hayo, tengeneza jukwaa la waashi: mianzi 6 na uzi 1 vinakupa vipande 6. Unapanda na kushuka ndani yake, na ukimaliza unavunja kipande cha chini kabisa, lote linashuka.

Mchangiaji, Maskati

Assalamu alaykum. Nimeishi Oman tangu utotoni, nyumbani tunazungumza Kiswahili, na ngome niliyoijenga ni ya Nizwa. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, na sehemu yake ya chini imejazwa mawe na udongo ili uhimili mizinga. Rafiki zangu ninaojenga nao katika seva yetu waliniambia nipoteze muda wa nini kujaza kitu kisichoonekana, lakini nilijaza. Nilitumia masanduku makubwa mawili ya mawe ghafi, na kila moja hubeba 3,456. Mnara uliojazwa hauna tofauti kwa macho, hilo nakubali. Ila anayepanda ngazi zake nyembamba anajua kuwa chini yake kuna mlima, na mlipuko mmoja wa nje hauingii popote.

Ngazi zile hupinda kila hatua chache na kila kona ina mlango, na juu ya mlango kuna tundu ambalo walinzi walimwagia wavamizi asali ya tende iliyochemshwa. Mimi niliweka lava badala yake. Kosa langu lilikuwa kuweka milango ya mbao, na nyuma ya mlango wa tatu nilikuwa nimepanga rafu za vitabu. Nilikuwa nimefungua tundu moja kwa majaribio, nikashuka kwenda kuwaita wenzangu waje waone, na tuliporudi maktaba yote ilikuwa moto. Vitabu vile nilivikusanya kwa wiki sita. Sasa kila kilichopo hatua kumi kutoka penye lava ni cha mawe au chuma, nami nawasihi mtakaoiga msipitishe mbao karibu nayo hata kwa siku moja.

Mchangiaji, Nairobi

Naongeza kidogo tu, kwa kuwa sijajenga ngome. Nyenzo hii imetumika hata kupanga mitaa: mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako hapa Nairobi, lilianza kushirikiana na Mojang, waundaji wa mchezo huu, katika mradi wa Block by Block, na mojawapo ya maeneo ya mwanzo lilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Kwa wasioweza kununua Minecraft, ipo Luanti, iliyoitwa Minetest hadi 2024. Ni ya bure, na hesabu ya duara aliyoitoa mleta uzi inafaa huko pia.

Mchangiaji, Goma

Ndugu zangu, huku kwetu nyumba na nyua nyingi zimejengwa kwa mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, na mafundi huchora mistari ya saruji nyeupe kati ya jiwe na jiwe. Nilitaka mnara wa sura hiyo. Mawe meusi katika mchezo hupatikana Nether, yaani ulimwengu wa moto, na kila safari ya kuyaleta nilikwenda nikijua huenda nisirudi nayo. Nilijenga msingi wa mawe hayo hadi kozi ya kumi, kisha nikaendelea na mawe ya kijivu, kwa sababu macho yanataka kitu kizito chini na chepesi juu. Kuhusu kazi ya kila sehemu: mnara wangu una chumba kimoja tu cha juu, chenye madirisha manne, na dirisha la kaskazini linatazama mlima niliouinua mwenyewe kwa mkono. Chumba hicho ni cha kuutazama mlima huo usiku, lava inapowaka kileleni.

Mchangiaji, Dodoma

Nashukuru sana wakubwa zangu. Leo nimeanza upya kwenye uwanda karibu na mto. Nimechora duara la 15, nimelihesabu mara mbili, zote ni 40. Niko kozi ya tatu, kidimbwi nimeshachimba, na nakala ya ulimwengu ipo kwenye simu ya kaka yangu. Kichwa cha mnara nitakitokeza nje kama mlivyosema. Nikifika kimo cha 30 nitaweka picha hapa.