Daraja letu la miguu linacheza sana watoto wakipita, ni uzito au?

mama_wa_Rau: Habari zenu wakuu. Huku Moshi upande wa Rau tuna kadaraja ka chuma ka kwenda shuleni ng'ambo ya mto, juu mbao. Ukipita peke yako halina neno ila watoto wakitoka saa tisa wanapita kundi zima, basi linapanda na kushuka mpaka ndoo ya maji kichwani inamwagika, na juzi nimekuta nati moja naizungusha kwa vidole tu. Wazee wanasema ni uzito. Nina watoto wawili wanapita hapo, usingizi sipati.

fundi_chuma_Ars: Shikamoo mama. Uzito siyo sana, ni mwendo. Mtu akitembea anapiga kama hatua 2 kwa sekunde, na daraja nalo lina mdundo wake, sasa midundo ikilingana ni sawa na kusukuma bembea, kila hatua inaongezea ya nyuma. London daraja la Millennium lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 likafungwa baada ya siku mbili tu, lile lilikuwa linayumba kushoto kulia, watu wakatanua miguu wasianguke kumbe ndo wanazidi kulisukuma pamoja. Waliweka dampa, yaani vifaa vya kumeza mtikisiko, 37 za kimiminika na zaidi ya 50 za uzito na springi, likafunguliwa tena 2002.

kijana_Kiboriloni: Si mfunge tu waya kutoka chini ya daraja mpaka kingo za mto?

fundi_chuma_Ars: Zinasaidia kaka, ila masika mto ukijaa waya zinakamata magogo, hapo mtakosa daraja lenyewe. Mama kwanza kazeni nati zote, halafu pimeni. Simu nyingi zina kifaa cha kuhisi mwendo, shusha programu ya bure ya kuchora mtikisiko, ilaze katikati ya daraja, mtu aruke mara moja atulie, hesabu mawimbi ya sekunde 10. Yakija kati ya 16 na 24 mko kwenye mwendo wa miguu kabisa. Andika, rudia kila baada ya mvua, namba ikishuka kuna kitu kinalegea au kinaoza. Na mpelekeeni injinia wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hizo namba, simu haioni kutu.

mama_wa_Rau: Marahaba mwanangu. Leo tumepima na mwalimu, 21. Nati tumekuta nne zimelegea tumekaza, kuanzia kesho watoto wanatoka darasa kwa darasa, barua ya injinia naiandika usiku huu.