Milingoti (mikaratusi) imezunguka chemchemi yetu na hesabu za bomba hazisomwi, wananchi wa kawaida tuanzie wapi?

Mwana_Bondeni:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nipo mkoa wa Njombe, kijijini kwetu maji ya bomba yanatoka kwenye chemchemi moja huko juu, mserereko mtupu hakuna pampu, na miaka ya nyuma hata mwezi wa kumi yalikuwa yanatoka vizuri tu. Sasa pale juu watu wamepanda milingoti hadi karibu kabisa na jicho la maji, wengine wamefungua vinyungu, yaani bustani za kiangazi, humohumo kwenye unyevu, na kiangazi bomba linatoa maji kama machozi, akina mama wanapanga foleni toka alfajiri. Halafu kila ndoo tunalipia, ila mapato na matumizi ya mradi hatujawahi kusomewa, ukiuliza unaambiwa wewe ni mchochezi. Mimi si kiongozi wala sina chama chochote, ni mwananchi tu, ila roho inaniuma kuona chanzo kinakufa tunaangalia. Tuanzie wapi jamani?

Mtendaji_Mstaafu:
Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza. Kwanza tenganisha mambo mawili maana wengi wanayachanganya halafu barua zinazunguka ofisi zisizohusika. Bomba, mita na pesa za ndoo viko chini ya chombo cha watumia maji ngazi ya jamii, hicho kinasimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa Sheria ya Huduma za Maji ya 2019. Chemchemi yenyewe, yaani chanzo, ni habari ya Bodi ya Maji ya Bonde, ofisi ya serikali inayosimamia mito na vyanzo vya bonde zima, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na huko kuna jumuiya za watumia maji ambazo kazi yake ni kulinda chanzo na kusuluhisha ugomvi wa maji. Kwahiyo barua ziwe mbili.

Ila kabla ya barua yoyote, mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na pale ndipo mapato na matumizi yanasomwa, si hisani ya mwenyekiti. Pelekeni ajenda kwa maandishi mapema, mtendaji asaini na agonge mhuri kwenye nakala yenu kwamba amepokea. Siku ya mkutano hakikisheni hoja imeingia kwenye muhtasari na mahudhurio yameandikwa, maana maneno ya mdomo mkutano ukiisha yameisha. Nimekaa kwenye ile kiti miaka mingi, nakwambia karatasi yenye mhuri inamfanya mtu asome mara mbili.

Dada_Mivengi:
Naongezea hapo kwa kaka. Kuhusu umbali, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na hizo mita 60 ndizo maafisa wanazotumia hata kwenye vyanzo vingine. Lakini nakuomba sana msianze kwa kukata miti ya watu!! Mlingoti kwa mkulima wa huku ni benki, kuna mtu anategemea nguzo zile zimsomeshee mtoto, ukimvamia na panga umetengeneza adui na kesi polisi juu yake. Sisi kwetu tulikaa na wenye mashamba tukakubaliana muda, avune miti yake auze, ila visiki ving'olewe maana mlingoti ukikatwa unachipua upya, mkiacha visiki mmefanya kazi bure. Baada ya hapo tukaweka bikoni za mpaka na kupanda mivengi na miti mingine ya asili. Wenye vinyungu ndio wagumu zaidi kwakweli, kwasababu ni mboga ya kiangazi na wengi ni wanawake wasio na eneo lingine, hapo serikali ya kijiji itafute eneo mbadala la chini huko, siyo kuwafukuza tu.

Makubaliano yakishapatikana yageuzeni sheria ndogo ya kijiji, ipite mkutano mkuu halafu iende halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe, bila hivyo faini mtakazotoza hazina nguvu.

Msafiri_wa_Pwani:
Nami nachangia kutoka Kenya. Mwazijua habari za Lamu? Kulikuwa na mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, karibu na mji wa kale, na leseni ya mazingira ilishatolewa 2016. Wananchi kupitia kikundi chao cha Save Lamu wakenda mahakama maalumu ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, mikutano ilifanywa mapema mno, watu hawajapewa ripoti yenye madhara ya mradi. Hapo ndipo nasema, mkiitwa kwenye kikao chochote cha mradi msitosheke na kusaini karatasi ya mahudhurio, ulizeni ripoti iko wapi na mpewe muda wa kuisoma, kwasababu sahihi yako yaweza kutumika kuonyesha umekubali.

Mwana_Bondeni:
Asanteni sana wakuu, hilo la bomba na chanzo kuwa na wasimamizi tofauti sikuwa nalijua kabisa. Swali moja, bodi ya bonde wakisema tulete ushahidi kwamba maji yamepungua tutaonyesha nini, hatuna vipimo.

Mtendaji_Mstaafu:
Vipimo mnavyo. Chukueni ndoo ya lita 20, wekeni pale maji yanapotokea kwenye chemchemi kabla maji hayajaingia tangi, hesabuni sekunde za kujaa kwa saa ya simu, andikeni kwenye daftari tarehe na saa, kila mwezi siku ileile, watu wawili wasaini. Pigeni na picha. Anzeni mwezi huu huu, msisubiri mkutano, ili kiangazi kikifika muwe na hesabu ya masika ya kulinganisha. Na daftari likae kwa mtu ambaye si mjumbe wa kamati ya maji.