Usaili umekaribia: nivae suti nyekundu au ya kijivu? Naombeni ushauri

Tulia_Basi (mwanzisha uzi):
Habari zenu wadau. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina usaili wa kupandishwa cheo na nimekwama kwenye rangi ya nguo. Nina suti nyekundu, nikiivaa mabega yananyooka yenyewe. Rafiki yangu anasema nyekundu ni ya kujionyesha, nivae kijivu, na yuko tayari kuniazima yake. Usingizi umekata, kazi yangu ni kuvaa na kuvua mbele ya kioo. Wajuzi wa rangi mnasemaje?

Mzee wa Pasi:
Ngoja waje.

Nyeusi Daima:
Nyeusi, dada. Chanel, yule mbunifu wa mavazi, alishaumaliza mjadala huu mwaka 1926 na kigauni chake cheusi. Nyeusi haikosei.

Mama Wawili:
Nyeusi hiyo hiyo ndiyo Malkia Victoria aliyomlilia mumewe kwa takriban miaka 40. Anakwenda kwenye usaili au matanga?

Mimi baada ya kujifungua mtoto wa pili nilihamia kwenye nguo za giza tupu. Kahawia, nyeusi, damu ya mzee. Nilidhani najificha, kumbe kila mtu ananiuliza kama naumwa. Siku moja nikavaa blauzi ya njano kwa sababu nyingine zote zilikuwa kwenye kamba. Siwezi kusema njano ilinifurahisha. Watu ndio waliobadilika: walinisalimia kwa uchangamfu, nami nikachangamka. Mume wangu hakuona tofauti yoyote, lakini huyo hata nikinyoa kipara haoni.

Darubini:
Nyekundu! Sayansi imethibitisha kwamba mwanamke akivaa nyekundu anapendwa zaidi. Utafiti upo.

Msomaji wa Usiku:
@Darubini soma hadi mwisho, mkuu. Utafiti maarufu wa 2008 wa Elliot na Niesta uliwapima wanaume wakitazama picha za wanawake, na kilichopanda ni mvuto wa kimapenzi. Walipoulizwa kuhusu akili ya mwanamke yule yule, nyekundu haikumwongezea kitu. Na waliorudia majaribio ya aina hiyo baadaye, wengi walipata athari ndogo au hawakuiona kabisa. Huyu dada anatafuta cheo, hatafuti mchumba.

Darubini:
Vyote vinapatikana ofisini.

Fundi Bitana:
Achaneni na hayo. Nashona suti za kike, nitasema ninayoyaona.

Kijivu cha mpauko ni adui wa mtu mwenye wasiwasi. Tone moja la jasho kwapani linaonekana kama wino, na ukishaliona huinui tena mkono. Nyeusi, nyeupe na bluu ya giza iliyokolea vinaficha. Pili, rangi iliyo karibu na shingo inaakisi usoni. Nyekundu nyingine inakupa uhai, nyingine inakuacha kama mtu mwenye homa. Usiamini taa ya dukani wala ya chumbani: simama mlangoni mchana, shika kitambaa chini ya kidevu, halafu mtu mwingine akutazame uso, si kitambaa. Na koti la kuazima kwa kawaida linakupwaya au kukubana mabegani, rangi yoyote iwe.

Swali langu: huyo rafiki anajuaje kwamba jopo halipendi nyekundu?

Tulia_Basi:
Asante Fundi. Tunafanya kazi pamoja, anawafahamu wakubwa. Ana nia njema tu.

Mama Wawili:
Bibie, unatuficha kitu. Naye kaitwa kwenye usaili huo?

Tulia_Basi:
Ndiyo, naye kaitwa. Lakini msianze! Tumetoka mbali. Na kuhusu nyekundu, nimeshaipunguza pindo na lebo nimekata, hairudishiki. Halafu si nyekundu ya kupiga kelele, imeiva kidogo. Nilitaka tu kujua kama kuna ubaya.

Nyeusi Daima:
Kwa hiyo umeshaamua. Uzi wa nini?

Mzee wa Pasi:
Sasa nimevuta kiti.

Kachero Mstaafu:
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. ID ina wiki moja, mshindani anamwazima nguo, suti nyekundu eti inanyoosha mabega. Subirini, jioni zitapandishwa picha za suti na namba ya simu ya oda.

Darubini:
Ikiwa zinauzwa nijulishwe, nina dada.

Tulia_Basi:
Siuzi chochote jamani. ID mpya kwa sababu ya zamani wanaijua ofisini. Kama ni chai, mbona siijui bei yake?

Kachero Mstaafu:
Hilo ndilo jibu la muuzaji mzoefu.

Msomaji wa Usiku:
Iwe chai isiwe chai, swali linafaa. Mwaka 2012 Adam na Galinsky waliwavalisha watu koti jeupe. Walioambiwa ni la daktari walikuwa makini zaidi kuliko walioambiwa koti hilo hilo ni la mchoraji. Mwaka 2019 jaribio mojawapo lilirudiwa na matokeo hayakujirudia, kwa hiyo sitaapa. Ila Tulia, tangu mwanzo umesema nyekundu inakunyoosha mabega. Kuhusu kijivu hujasema unajisikiaje. Umetuambia tu rafiki anasemaje.

Fundi Bitana:
Ukivaa nyekundu, vingine vyote vinyamaze. Blauzi ya krimu, kiatu cheusi, midomo isishindane na koti. Kaa kitini nayo nyumbani nusu saa. Suti inapendeza umesimama, usaili unafanyika umekaa.

Mama Wawili:
Na yeye atavaa rangi gani siku hiyo?

Tulia_Basi:
Sijawahi kumuuliza. Ngoja.

Tulia_Basi:
Nimemtumia ujumbe. Ameusoma, hajajibu.

Mzee wa Pasi:
Nyekundu hiyo.